Nguo Kuukuu na Amri ya Saba

Maneno ya kusomwa kwanza: Yeremia 38, mstari wa 7 hata wa 13, na Mithali 20, mstari wa 14.



Mwaka ukiisha huja hesabu. Mwenye duka huhesabu mali iliyosalia, mtunza hazina wa usharika hujumlisha sadaka, naye mkulima huchungulia ghalani mwake. Katika nyumba yetu twahesabu nguo pia. Mke wangu ana daftari ambayo ndani yake huandika kila nguo iingiayo, siku yake na bei yake. Kisha, ikiisha kuvaliwa na kufuliwa mara kadha wa kadha, huandika kando yake neno moja tu, "njema" au "mbaya". Katika mwaka 2024 ziliingia nguo na viatu 34, vyote vya mitumba, maana sare za shule hazimo katika hesabu hii. Fedha iliyotoka ni shilingi 268,000. Walioandikiwa "njema" ni 23, "mbaya" ni 7, na 4 hawakuandikiwa neno lo lote, kwa kuwa mwenye daftari bado hajakata shauri. (Mnisamehe kuhesabu nguo kana kwamba ni watu, ndivyo tusemavyo nyumbani.)

Wako watakaouliza: Je, mambo ya suruali na viatu ni mambo ya mimbara? Ndugu zangu, fungueni Katekisimo Ndogo. Luther alipoeleza imani yetu katika Mungu Muumba, hakuona haya kutaja nguo na viatu katika vipawa tunavyopewa na Baba; na alipoeleza maana ya mkate wa kila siku katika Sala ya Bwana, akavitaja tena. Tena tangu mwanzo ni hivyo. Wazazi wetu wa kwanza walipokuwa wamejishonea majani, Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi kabla ya kuwatoa bustanini. Hakuwatoa uchi, wala hakuwaacha na majani yatakayonyauka kesho. Basi ikiwa Bwana Mungu amejishughulisha na nguo za watu wenye dhambi, mchungaji naye aweza kuzinena.

Nianze na zile njema, maana shukrani hutangulia. Sisi tukaao huku mlimani, chini ya Kilimanjaro, twajua baridi ya mwezi wa Juni na Julai, wakati wa ukungu usioondoka hata saa sita mchana. Katika mwezi wa Juni tulipata koti la sufu kwa shilingi 15,000. Limeshonwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi yake. Bitana yake haijaachia hata uzi mmoja, na mvua ya njiani hailipenyi upesi. Katika mfuko wake wa ndani palikuwa na leso iliyokunjwa vizuri, na pembeni mwake zimetariziwa herufi mbili za jina la mtu. Mke wangu aliifua, akaipiga pasi, akairudisha mfukoni mle mle. Nilipomwuliza sababu, akasema, "Huyu naye alikuwa na mama."

Mwajua kwamba watu wengi wa nchi yetu waliziita nguo hizi "kafa Ulaya", wakidhani kwamba ni nguo za maiti. Neno hili si kweli kwa nyingi zake, maana wenyewe wangali hai, wamechoka nazo tu, au wamenenepa. Wengi wao walizitoa bure kwa ajili ya maskini, na njiani zikageuka kuwa biashara, zikachambuliwa, zikashindiliwa kwa mashine, zikafungwa robota, ambalo watu wa sokoni huliita belo, la kilo 45 au zaidi. Hata neno lenyewe, mtumba, ni la kale kuliko nguo hizi. Mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa bega la mpagazi, uzito wake kama frasila mbili, nao ulitembea kwa miguu toka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji. Na nguo iliyokuwamo mara nyingi ilikuwa merikani, iliyopewa jina kwa nchi ilikofumwa. Basi si jambo jipya kwetu kuvaa kilichotoka mbali katika mzigo wa mtu mwingine.

Sasa zile mbaya. Palikuwa na viatu vya mtoto wetu wa pili, vya shilingi 18,000. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa kama macho ya ndege. Mvua ya kwanza ilipoonyesha, ule weusi ulitiririka, na chini yake tukaona nyufa zilizozibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Siku ya tatu soli ya kushoto ikabaki matopeni. Palikuwa na shuka lililopasuka katika maji ya kufulia kwa mara ya kwanza, toka ncha hata ncha, kwa kuwa limekwisha liwa na jua la miaka mingi. Palikuwa na suruali iliyotiwa wanga na kupigwa pasi hata ikasimama yenyewe, lakini makalioni uzi ulikuwa umekwisha kabisa. Mke wangu alirudi sokoni na kile kiatu mkononi. Jibu alilopewa ni lile mnalolijua ninyi nyote, ya kwamba mali iliyouzwa hairudi.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, twasoma habari za Wagibeoni waliovaa viatu vyenye viraka na mavazi yaliyochakaa ili wawadanganye Waisraeli kwamba wametoka nchi ya mbali. Wao walifanya kipya kionekane kikuukuu. Wauzaji wetu wamegeuza hila hiyo, wafanya kikuukuu kionekane kipya. Lakini ni hila ile ile, na miongoni mwa waifanyao wamo waliobatizwa. Kwa hao sina maneno mengi. Luther katika maelezo ya Amri ya Saba amesema wazi kwamba mali ya udanganyifu na biashara ya hila ni wizi. Apakaye rangi juu ya ufa ameiba, ingawa mnunuzi amempa fedha kwa hiari yake. Mwalimu anayemjua mtu wa namna hii katika mtaa wake amwonye peke yake kwanza.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya wauzaji. Juu yao twahubiri kila mwaka, nanyi wanunuzi huitika kwa vichwa. Nataka kusema juu ya wanunuzi.

Yupo katika usharika wetu mjane mmoja, naye ameniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Ana watoto watatu. Huuza magauni kando ya njia, juu ya turubai. Katika mwezi wa Septemba alikopa fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa, akanunua robota moja la magauni kwa shilingi 480,000. Ninyi msiojua biashara hii mjue kwamba robota hununuliwa likiwa limefungwa. Huwezi kulifungua kwanza, huwezi kutia mkono ndani. Wasoma maandishi ya nje tu, kisha wamwomba Mungu. Alipolifungua nyumbani alihesabu magauni 150. Katika hayo, 30 hayakufaa hata kwa kufutia sakafu. Mengine yalikuwa na ukungu, mengine yamechanwa kwa mkasi. Yakabaki 120. Chukueni kalamu mgawanye: kila gauni lililobaki limemgharimu shilingi 4,000, kabla ya nauli, kabla ya ushuru wa soko, kabla ya riba ya mkopo, na kabla ya chakula cha mtoto hata mmoja.

Ndipo wakaja wanunuzi, na wengi wao ni watu wetu, kwa kuwa anauza karibu na njia ya kanisani. Mama mmoja alishika gauni la buluu, zuri kuliko yote, aliloambiwa ni shilingi 7,000. Akaligeuza ndani nje. Akasema limechujuka. Akasema mshono wake ni wa zamani. Akasema, "Dada, hili hata ukinipa bure sijui nitalivaa wapi." Akaliangusha juu ya turubai, akaenda hatua kumi, akarudi. Jua lilikuwa limekwisha elekea kutua, na siku ya marejesho ya mkopo ilikuwa kesho yake. Akalichukua kwa shilingi 2,500. Jumapili iliyofuata alilivaa, na ibada ilipokwisha akasimama mlangoni pa kanisa kati ya wenzake, akijizungusha. "Mnalionaje? Ni la sufu nyembamba, la Ulaya hasa! Elfu mbili na mia tano tu!" Na yule mjane alikuwa akipita nyuma yao na watoto wake.

Sasa someni Mithali 20, mstari wa 14. Mwenye hekima yule alikuwa amesimama sokoni kabla ya sisi kuzaliwa, akasikiliza. Amemwona mnunuzi akiisema mali vibaya mbele ya mwenyewe, kisha, akiisha kwenda zake nayo, hujisifu. Hakuongeza hukumu wala onyo. Ameandika alichokiona, akaendelea na jambo jingine. Nadhani aliona yatosha.

Tazameni basi jambo hili kwa makini, wapenzi. Yule muuzaji wa viatu alipaka rangi juu ya ubaya ili auuze kama uzuri. Na yule mama alipaka ubaya juu ya uzuri ili anunue. Rangi ya mmoja ilikuwa chupani, na rangi ya mwenzake ilikuwa ulimini. Mmoja twamwita mwivi, na mwenzake twamwita mwanamke ajuaye kununua. Je, twampima kila mmoja kwa mizani ile ile?

Nasikia tayari mkisema: "Mchungaji, je, tusipatane bei? Mishahara yetu waijua." La, sikusema hivyo. Kupatana bei ni desturi ya soko, wala si dhambi, na muuzaji naye huweka bei ya juu akijua kwamba itashuka. Waweza kusema, "Sina fedha hiyo, ninayo hii." Waweza kusema, "Hapa pana kasoro," ikiwa kasoro ipo. Waweza kwenda zako. Lakini kusema kwamba kitu ni kibaya, nawe moyoni wajua kwamba ni chema, huko si kupatana bei tena. Na kungoja hata jua litue juu ya shida ya mjane, ukijua kwamba kesho atadaiwa, huko sijui jina lake zuri ni lipi.

Tena Amri ya Saba haituachi hapo. Watoto wa Kipaimara hukariri nusu ya kwanza ya maelezo kwa sauti kuu, ile ya kutokuiba, na nusu ya pili huimeza. Nusu hiyo yafundisha kwamba imetupasa kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake zistawi na kulindwa. Basi nikisimama mbele ya turubai la yule mjane, Mungu haniulizi tu kama nimeiba. Aniuliza kama baada ya mimi kuondoka riziki yake imestawi kwa shilingi mia tano, au imepungua kwa elfu moja na mia tano. Walimu wangu, jaribuni kuwauliza vijana swali hili katika darasa, mkatumie hesabu ile ya magauni 120. Wataielewa kuliko mfano wo wote ulio katika vitabu vyetu vya seminari.

Wako ndugu wengine, wasomi hasa, walioniuliza kama si dhambi kununua mitumba kabisa, kwa kuwa imeua viwanda vyetu. Sitalipita neno lao kwa dharau. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam, na watu wetu walivaa kitenge na khanga za pamba ya nchi hii. Wazee wetu wakumbuka pia mwanzo wa miaka ya 1980, jinsi watu walivyopanga mstari kutwa kwa ajili ya khanga, wakarudi mikono mitupu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Rwanda ikapandisha ushuru wake sana, na kwa sababu hiyo mwaka 2018 Marekani ikazuia nguo za Rwanda zisiingie kwake bila ushuru. Nchi nyingine zilirudi nyuma. Hayo ni mambo ya watawala kuyapima, nao wataulizwa na Mungu juu ya mkulima wa pamba wa Shinyanga kama sisi tutakavyoulizwa juu ya mjane wa njiani. Mimi sioni neno la Mungu linaloniruhusu kuifunga dhamiri ya baba mwenye watoto watano kwa kuwanunulia sweta za shilingi 3,000. Awezaye kununua khanga iliyofumwa hapa nchini, na ainunue kwa furaha.

Nimebakiza jambo moja, nalo limenisumbua kuliko yote. Zile nguo 7 zilizoandikwa "mbaya" katika daftari, na zile zilizo mbaya katika nyumba zenu, mwisho wake huenda wapi?

Nitawaambia ziendako. Siku ya Mavuno huweka kikapu karibu na madhabahu kwa ajili ya nguo za maskini na wagonjwa. Mwaka 2024 mama mmoja mzee wa kikundi cha wanawake alinikaribisha nikitazame kikapu hicho kabla ya kugawa. Palikuwa na mashati yasiyo na kifungo hata kimoja. Palikuwa na suruali ambazo zipu zake zilikuwa zimekufa. Kiatu kimoja, peke yake, na mwenzake hayumo. Shuka lililopasuka katikati. Karibu nusu ya kikapu ilikuwa mali ya namna hiyo. Yule mama hakusema neno; alikuwa akitoa kimoja kimoja na kuniwekea mkononi. Nikaona kwamba watu wetu wakidanganywa sokoni humletea Mungu ule udanganyifu kuwa sadaka. Uovu uliotoka kwa muuzaji umepita kwetu, ukafika mwisho wake juu ya mgongo wa maskini, na njiani tumeuombea baraka.

Basi sasa fungueni Yeremia 38. Mwajua habari ile. Nabii ametupwa katika shimo la maji lisilo na maji, amezama matopeni. Wakuu wa Yerusalemu wataka afe huko kwa njaa. Mfalme Sedekia hana nguvu mbele yao. Ndipo akatokea mtu mmoja wa jumba la mfalme, Ebedmeleki, Mkushi, yaani mtu mweusi wa nchi zetu za Afrika, mgeni katika mji ule. Akamwendea mfalme, akaomba ruhusa, akapewa watu 30. Wanayo ruhusa, wanazo kamba, wanayo mikono ya kuvuta. Na shimoni mtu anakufa. Je, mimi na wewe tungefanya nini? Tungekimbia moja kwa moja mpaka shimoni.

Ebedmeleki hakukimbia shimoni kwanza. Aliingia katika nyumba ya mfalme, chini ya chumba cha hazina, akatafuta nguo kuukuu na matambaa yaliyochakaa, akayateremsha kwa kamba, akamwambia Yeremia ayatie chini ya makwapa yake, kati ya mwili na kamba. Ndipo wakamvuta.

Wapenzi, kamba zilitosha kumtoa. Yale matambaa hayakuongeza nguvu yo yote katika kazi ile. Yaliwekwa kwa sababu moja tu: Ebedmeleki aliwaza jinsi kamba itakavyokata ngozi ya mtu aliyekonda kwa njaa. Alijua mahali palipo na matambaa, naye aliyachukua akiwa amekwisha kuona moyoni mwake makwapa ya mtu atakayeyatumia. Maandiko yametaja hata chumba alikoyatoa. Katika vita ile Yerusalemu iliteketea, na katika sura ya 39 Mungu alimwahidi Mkushi yule kwamba yeye hatauawa.

Yalikuwa makuukuu kama yale ya kikapu chetu, na pengine zaidi. Lakini Ebedmeleki hakuyatupa shimoni ili chumba cha mfalme kipate nafasi. Yule atiaye katika kikapu shati lisilo na vifungo hajamwona mtu atakayelivaa. Ameona kabati lake mwenyewe tu. Angemwona, angetafuta sindano. Someni pia habari za Dorkasi wa Yafa katika Matendo 9, jinsi wajane walivyosimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu alizowashonea. Hakuna hata mmoja aliyeleta kiatu cha upande mmoja.

Yule mjane angali anadaiwa shilingi 170,000 wakati niandikapo. Kikundi chake cha mkopo kimemwongeza muda hata Pasaka. Gauni la buluu nimeliona kanisani mara mbili tena.

Wazee wa usharika wetu wamekata shauri hivi kwa mwaka huu, nami nawaandikia ninyi walimu ili mkipenda mfanye vivyo hivyo mitaani mwenu. Kikapu cha nguo hakitafunguliwa tena siku ya Mavuno yenyewe, bali wiki mbili mbele, siku ya Jumamosi, ili akina mama wapate nafasi ya kufua, kushona na kupiga pasi. Nguo isiyoweza kutengenezwa itakatwa matambaa kwa wauguzi na wakunga, au itajaza mito. Mtu akiwa na shati lililokwisha kabisa, na akate vifungo vyake kwanza, avitie katika kopo lililo kwa mke wa mzee wa kanisa, karibu na ofisi. Sindano tunazo za kutosha, uzi mweupe na mweusi pia. Wa kahawia umekwisha, na zipu za suruali za wanaume zahitajiwa sana.